Jinsi nilivyopata madoa ya oili yanayofanana na ya kweli

Modeli yangu ya ndege ya DC-3, kipimo cha 1:72, iliniumiza kichwa wiki mbili. Madoa ya oili nyuma ya injini yalionekana kama mistari ya kalamu, na nilipoyafuta kwa tapentaini, rangi ya chini nayo ilitoka.

Jibu nililipata Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa jijini Mwanza, nikitazama injini za mitumbwi. Oili iliyovuja si nyeusi tii: ni kahawia, nyembamba, inang'aa, na vumbi limegandia pembeni. Kumbe nilikosea rangi tangu mwanzo.

Nikapaka kwanza vanishi ya akriliki kulinda rangi ya chini, nikaiacha siku nzima. Kisha nikaminya rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea, juu ya kipande cha boksi kinyonye mafuta ya ziada. Nikaweka nukta ndogo kwenye maungio ya kava la injini, halafu nikazivuta kuelekea nyuma, upepo unakopeleka, kwa brashi bapa yenye unyevu wa tapentaini. Unyevu tu! Brashi ikilowa, doa linageuka dimbwi.

Madoa mapya niliyaongezea tone la vanishi inayong'aa. Ya zamani nikayaacha yamefifia.