Jinsi nilivyotibu fizi zangu nikiwa na kisukari

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikiwa tayari na kisukari cha aina ya pili, na tangu hapo nimekuwa nikiandika vipimo vyangu katika daftari la mistari, tarehe upande wa kushoto na kiwango cha sukari upande wa kulia. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba kuna jambo haliendi sawa. Mwaka jana, kwa miezi mitano mfululizo, sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa kati ya milimoli 9 na 11 kwa lita, ilhali nilikuwa nikimeza dawa zangu za kushusha sukari, metfomini na glibenklamidi, kwa saa zilezile, nimeacha chai ya sukari, na ugali nimeupunguza. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita, yaani HbA1c, kilisoma asilimia 8.9, na lengo nililopewa ni kuwa chini ya 7. Kliniki ninayohudhuria walinipima uzito na shinikizo la damu, wakanikagua miguu, wakanipeleka kupimwa macho. Kinywa hakuna aliyekiangalia, na mimi mwenyewe sikukitaja, kwa kuwa sikujua kwamba kinahusika.

Dalili zilikuwepo. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, muhogo wa kuchemsha haukosekani asubuhi, na siku moja niliuma kipande nikaona mahali meno yalipopita pamebaki mstari mwekundu juu ya ule weupe. Gego la chini kushoto lilikuwa limeanza kucheza, na mjukuu wangu mdogo akawa anageuza uso nikimsemesha kwa karibu, jambo ambalo liliniumiza kuliko hiyo damu. Nilifanya kama wengi tunavyofanya: nikasukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikatafuna karafuu, kisha jirani akanishauri niupumzishe mswaki mpaka fizi zipone. Niliufuata ushauri huo kwa wiki mbili na hali ikazidi kuwa mbaya. Ninalisema hili wazi kwa sababu ushauri huo bado nausikia mtaani. Maji ya chumvi yanatuliza, lakini hayaondoi ugaga uliokwisha kuganda kwenye jino kama saruji, na mtu asipopiga mswaki utando wa bakteria unaongezeka kila siku.

Daktari wa meno niliyemwendea ni binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Aliniamkia, akanichungulia kinywani kwa muda mfupi tu, kisha akauliza, "Mama, umewahi kupima sukari?" Nikamwambia ninayo, mwaka wa kumi na moja sasa. Hapo akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kuanza kukiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino, akitaja namba huku msaidizi wake akiandika: "Tatu, mbili, tatu. Tano, nne, sita." Alinieleza kwamba ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3, na kinapozidi hapo panakuwa na mfuko ambao mswaki haufiki. Kwenye lile gego alisema "nane", akakaa kimya kidogo. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka zaidi ya thelathini, na nilijua kimya cha namna ile kina maana gani.

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonifungua macho. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mwili unapungukiwa na nguvu ya kupambana na vijidudu, kidonda kinachelewa kupona, na ufizi unashambuliwa kwa urahisi. Upande wa pili, fizi zilizovimba zinamwaga katika damu kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huizuia insulini kufanya kazi yake ipasavyo, hivyo sukari inapanda. Kila ugonjwa unauchochea mwenzake. Mtaalamu wa fizi Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari tangu mwaka 1993, nami nilikuwa nimefundishwa habari za macho, figo na miguu bila kuusikia.

Nilitarajia kupewa vidonge vya antibiotiki niende zangu. Daktari alinieleza kwamba dawa peke yake haiwezi kuung'oa ugaga ulio chini ya ufizi, na bakteria wamejificha humo. Akapanga kunisafisha kwa mahudhurio manne, kila mara robo ya kinywa, kwa sindano ya ganzi.

Hapa nieleze kosa nililofanya siku ya kwanza, maana linaweza kumdhuru mwenye kisukari. Nilidhani kwa daktari wa meno mtu anakwenda na njaa, hivyo nilimeza dawa zangu nikaondoka bila kula. Nikiwa kwenye benchi mikono ilianza kutetemeka na jasho jembamba likanitoka. Walinipima, nikakutwa na 3.6, wakanikorogea sukari kwenye maji na kunipumzisha mpaka ikapanda, kisha wakaniahirishia kazi hadi siku nyingine. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mtu asiyekula. Tangu siku hiyo niliomba nafasi za asubuhi, nikala kifungua kinywa changu kama kawaida, nikapima kabla ya kutoka, na kubeba pipi katika mkoba.

Kazi yenyewe haikuwa na maumivu makubwa. Kuna chombo chenye ncha inayotetemeka na kurusha maji, na baada yake daktari anakwangua mzizi kwa vyuma vya mkono, na sauti yake ni ile ya kisu kinachoparua ukoko chini ya sufuria. Gego la milimita nane halikuokoka, likang'olewa. Kwa wiki mbili nilisukutua dawa ya klorheksidini, ambayo inaacha madoa ya kahawia kwenye meno, na daktari alikuwa amenionya mapema. Maji baridi yalinichoma kwa karibu mwezi mzima, na meno yalionekana marefu yenye nafasi katikati. Watu husema kusafishwa kunalegeza meno. Ninachoamini sasa ni kwamba ugaga na uvimbe vilikuwa vimeuficha ulegevu uliokuwepo tangu mwanzo.

Nyumbani kazi iliyobaki ni yangu: mswaki laini mara mbili kwa siku, na vibrashi vidogo vya katikati ya meno kila usiku. Siku saba za mwanzo damu ilitoka zaidi, kisha ikapungua, na kufikia wiki ya tatu mate yalikuwa meupe.

Baada ya miezi mitatu na nusu, bila dozi kubadilishwa, HbA1c ilisoma 8.3. Mjukuu wangu mkubwa, anayesomea uuguzi, alinitafutia uchambuzi wa mwaka 2022 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliojumuisha tafiti 35: kwa wastani, HbA1c ya waliotibiwa fizi ilishuka kwa asilimia 0.43 ndani ya miezi mitatu hadi minne kuliko ya wasiotibiwa. Alinionyesha pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, wenye washiriki 514, ambao haukuona tofauti yoyote. Siwezi basi kudai kwamba kushuka kwangu kote kumetokana na fizi, na dawa zangu sijaziacha hata siku moja. Lakini sukari ya asubuhi sasa ni kati ya 7 na 8, na muhogo ninautafuna upande wowote.

Katika kipimo cha mwisho mahali pawili pamebaki milimita tano, na daktari anataka kuniona kila baada ya miezi mitatu. Namba zake nimezinakili katika daftari lilelile, safu ya tatu, kando ya sukari, na kliniki ya kisukari ninalifungua mbele ya muuguzi kabla sijaulizwa.