Nimeiona Vasa kwa macho yangu

Leo nimesimama chini ya tezi (sehemu ya nyuma) ya meli ya Vasa, pale Stockholm, Uswidi, nikabaki kukodoa macho. Manowari hii ilizama mwaka 1628, safari ya kwanza kabisa! Kaupepo kadogo tu, ikalala ubavu, maji yakaingilia matundu ya mizinga. Ikakaa chini hadi 1961. Bahari ya Baltiki haina chumvi nyingi, hivyo viumbe watafunao mbao hawastawi humo, na ndiyo maana meli ilisalimika.

Kuiopoa ndiyo ilikuwa kazi nyepesi, mkiniuliza mimi. Mbao zilinyunyiziwa polietilini glikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, miaka 17 zisije zikasinyaa na kupasuka. Bolti za chuma nazo zikala kutu, maelfu yakabadilishwa. Na hadi leo wataalamu wanapima jinsi meli inavyojipinda, milimita kwa milimita.