Boksi moja tu

Wiki ya tatu sasa nalala nawaza ndege. Binamu yangu anakuja Disemba kutoka Uingereza na ashanambia begi limejaa, zawadi za mamake, viatu vya watoto, dawa za nyanya, kwa hivo nichague boksi moja tu la modeli, zile ndege ndogo za plastiki za kujiungia mwenyewe, na nimwambie kabla ya Ijumaa. Gundi na rangi hata nisitaje, manake nyingi ni vitu vya kushika moto na hivyo kwenye ndege haviruhusiwi, hizo ntajipanga nazo hapa hapa Mombasa.

Moyo wangu uko kwa Hunter tangu zamani. Hawker Hunter, ndege ya kivita ya Muingereza, aliichora Sydney Camm, yule yule wa Hurricane ya Vita vya Pili vya Dunia, ikaruka mara ya kwanza Julai 1951 na miaka miwili baadaye Neville Duke akaweka nayo rekodi ya dunia, kilomita 1,171 kwa saa, akipita karibu na maji kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Na Kenya tulikuwa nazo miaka ya 1970, chache. Ukiitazama ubavuni hakuna mahali jicho linakwama, mstari unatoka puani unateleza mpaka mkiani kama jahazi lililoundwa na fundi anayejua kazi yake. Mimi nimeihifadhi picha yake kwa simu na naifungua hata nikiwa kwa foleni ya feri Likoni.

MiG-21 ya Warusi nayo niliifikiria, ile yenye mdomo wazi puani kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, zilitengenezwa zaidi ya 10,000 na ndo maana kila kampuni ya modeli iko nayo. Lakini hainiiti. Phantom ya Marekani hapana, kwa skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe, inafika sentimita 40 na mimi nakaa chumba kimoja Chaani, kabati ni la tivi na vyombo.

Sasa Jumapili nikaenda Magongo kumjulia hali ami, nikamkuta amekaa kibarazani, macho yameanza kumsumbua, mtoto wa jicho, anangoja kufanyiwa upasuaji. Ami alikuwa fundi jeshini, aliingia 1985, wakati huo jeshi la anga lilikuwa linaitwa '82 Air Force kwa sababu ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akapelekwa Nanyuki kwenye F-5, ndege za kivita za Marekani. Hizo zilianza kuja Kenya 1978 na yeye kazi yake ilikuwa injini. Miaka yote nimejua hivo tu, kwamba ami alikuwa fundi wa ndege, sijawahi kumuuliza zaidi, na hili linaniuma nikiandika hapa.

Nikamuonyesha simu, Hunter kwanza. Akaitazama akasema nzuri. Alafu nikapitisha, ikatokea F-5E, moja ya zile F-5, akaishika simu mwenyewe akaileta karibu kabisa na uso.

"Hii mwanangu ndiyo iliyokulipia karo ya fomu wani."

Sikuwa na jibu. Akaendelea, akasema ni ndege nyembamba, pua kama chuchunge, injini mbili za J85 zimelala ubavu kwa ubavu na ni ndogo kuliko unavyodhania ukisikia kelele yake. Nikamtafutia picha ya vipande vyenyewe vikiwa bado kwenye fremu, ule ubavu mmoja wa ndege, plastiki ya kijivu yenye mistari ya mabati imechongwa nyembamba kama unywele. Akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole juu ya kioo cha simu, akatafuta, akasimama kwenye mstari mmoja nyuma ya bawa.

"Hapa. Mkia wote huu watoka, mzima, wauweka kwa kigari, ndipo wavuta injini kwa nyuma. Usiku wa baridi ya Nanyuki vidole havishiki spana."

Mimi niliupita ule mstari mara hamsini nikitazama picha hizo. Kwangu ulikuwa mstari kama mingine.

Basi toka Jumapili Hunter imeanza kwenda mbali. Bado naipenda, sitasema uongo, na siku moja ntaiunga. Lakini macho ya ami ni ya leo, na rangi ya ndani ya mkia ule, nyaya zinapita wapi, bomba gani lilikuwa limeungua likawa na ile rangi ya buluu na hudhurungi, anavijua yeye na hakuna boksi lenye karatasi inayosema hivyo. Nnataka 1/48, sentimita 30 hivi, aweze kuiona na kuishika. Puani ntatia chubwi za mshipi manake ndege ya magurudumu matatu usipoipa uzito mbele inakalia mkia. Kioo cha rubani safari hii ntakibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, mwaka jana nilitumia supa gluu kwenye modeli nyingine kikaingia ukungu wote na haukutoka tena. Stika zilizomo ni za Marekani na Uswisi, za Kenya hakuna, kwa hivo bendera ya mkiani ntaichora kwa mkono, na ntangoja kaskazi ishike vizuri manake masika hapa rangi inakaa siku mbili bado inanata.

Shida ni kwamba kwenye boksi mkia unakuja umefungwa, hauvuliwi. Nilimwambia ami. Akanirudishia simu akasema, "Ukate."

Nimemuandikia binamu usiku huu. F-5E, 1/48. Na kama kuna upenyo wowote kwa begi, kile kimsumeno chembamba cha kukatia plastiki.