Tshumba cha moyo

Mtoto wa kaka'ngu karudi kutoka Muscat, huu mwezi wa nne sasa, ana miaka 15 na kiingereza hana. Kiswahili anacho, kakulia nacho nyumbani kama watoto wengi wa kizanzibari walioko Oman, ila ni kiswahili cha jikoni, bibi yake anamuelewa kila anachosema mpaka akigombwa, lakini mpe kalamu umwambie andika chai, atakuandikia tshai. Siku ya kwanza nilicheka, baadae nikaona haya mwenyewe.

Skuli alopelekwa (siitaji jina) wamemfanyia intavyuu ya dakika kumi kwa kiingereza, kakaa kimya, wakamshusha madarasa mawili. Basi anakaa na vitoto vya miaka 13, yeye mrefu kuliko mwalimu, akirudi nyumbani hasemi na mtu.

Wiki ilopita nimelifungua daftari lake la bayoloji, kurasa za mbele tupu, kumbe yeye kaanzia nyuma kama daftari la kiarabu. Kachora moyo, jamani moyo ule! Vyumba vinne, vali, mishipa, mishale ya damu nyekundu na bluu, na kila kitu kakipa jina kwa kiarabu, kwa penseli, halafu kafuta. Ukiiinamisha karatasi kwenye taa maandishi bado unayaona. Chini pana sifuri ya wino mwekundu, na mwalimu simlaumu maana majina kweli hayapo, lakini mtoto huyu ndo wa kushushwa madarasa mawili? Bayoloji anaijua kuliko mie.

Sasa sikilizeni ya upande wa pili. Dada'ngu kahamia New York na mwanawe wa miaka 16, na kiingereza cha kijana yule ni kile chetu cha fomu tuu, mnakijua. Nilimuogopea sana. Kumbe kule kuna skuli za sekondari kwa ajili ya watoto wageni tu, ya kwanza ilifunguliwa 1985 huko Queens, ndani ya chuo cha LaGuardia, ikaitwa International High School, sasa ziko nyingi na tangu 2004 zina mtandao wao wa kuziunganisha. Wanachukua watoto waliofika Marekani si zaidi ya miaka minne nyuma na kiingereza hakijawakaa. Na hawaambiwi subirini kwanza mjue lugha ndo muanze sayansi, wanaanza siku hiyo hiyo, wanakaa kwa vikundi, anaejua na asojua meza moja, wanabishana kwa lugha zozote walizonazo halafu kazi wanaitoa kwa kiingereza. Wetu kapangwa na kijana wa Yemen, na kile kiarabu chake cha chuo cha Kurani wanaelewana nusu nusu, mikono inamalizia. Mwisho wa skuli, badala ya mitihani mingi ya jimbo, unakusanya kazi zako unakwenda kuzitetea mbele ya walimu, utadhani mtu anachukua PhD. Halafu New York una haki ya kusoma mpaka miaka 21, kwa hiyo hata ukifika na 17 hujachelewa.

Na msidhani Wamarekani wamefanya kwa huruma tu, watu wameshtaki. 1974 familia za kichina za San Francisco zilifika mahakama kuu ya nchi, majaji wakasema kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule na huku lugha haielewi, huo si usawa. 1982 ikaja kesi ya Texas, ikaamuliwa mtoto asokuwa na makaratasi ya uhamiaji nae asifungiwe skuli.

Huku kwetu Zanzibar ukitaja elimu mbadala swali la kwanza ni "kwani kafeli?" Rahaleo kipo kituo cha elimu mbadala na kimewainua wengi waliokatishwa masomo, lakini huyu hajakatishwa popote, kabadilishiwa lugha tu. Na kinachoniudhi khasa ni kuwa sisi wenyewe tumepita humo humo bila kuhama hata mtaa, msingi kwa kiswahili, unaingia fomu wani kila kitu kiingereza, na sera ya elimu ya 2006 ikaleta hesabu na sayansi kwa kiingereza toka darasa la tano. Mie fotosinthesisi nimeihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura, neno kwa neno, maana sijui. Nani alinishusha darasa?

Juzi tumekaa nae jikoni tunauandika upya ule moyo. Yeye anasema butayn, mie nasema ventriko, kila mtu kashikilia lake, mpaka bibi yake akauliza mnagombania nini. Nikataka kumwambia, kiswahili cha neno hilo sina. Bibi akasema mioyo ya ng'ombe nimekata miaka yote, nionesheni, akaweka kidole kwenye picha: "Huku nyama nene, huku nyembamba, sikuzote najiuliza kwa nini."

Mtoto akamjibu palepale. "Bibi, huku pananene kwa sababu panasukuma damu mbali, mwili mzima. Kule inakwenda karibu tu, kwenye mapafu."

Nikamwambia andika hivyo hivyo ulivyosema. Kaandika, safari hii daftari kaanzia mbele, "tshumba cha tshini kushoto". Sikumsahihisha.