Slamu kwenye briji ya klabu: nilivyoacha kutegemea alama nikaanza kuhesabu mapigo

Briji ni mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, mapigo 13 kila mkono; slamu ni kuahidi kwenye mnada kwamba mtakula mapigo 12 (slamu ndogo) au yote 13 (slamu kubwa). Zamani nilinadi slamu kwa alama peke yake. Ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, ghulamu (J) 1. Mimi na mwenzangu tukifikisha 33 kati ya 40, tunakwenda sita, yaani mapigo 12, maana idadi inayotajwa huhesabiwa juu ya mapigo sita ya kwanza. Kanuni hiyo inafaa pale mikono yote miwili ni tambarare (haina aina ndefu) na mkataba, yaani ahadi ya mwisho ya mnada, ni bila turufu: hakuna aina (shupaza, kopa, uru au pau) inayozishinda nyingine. Penye turufu na aina ndefu inapotosha mara mbili: inakupeleka kwenye slamu zinazokufa, na inakuzuia kwenye zilizo salama.

Tazama mkono huu. Mimi nina shupaza A-K-J-7-4, kopa K-Q-6, uru 8-3, pau A-Q-5. Mwenzangu ana shupaza Q-10-8-3, kopa A-9, uru J-6-2, pau K-J-7-4. Alama 30, turufu tisa, hakuna shida popote isipokuwa uru: wapinzani wana ree na mfalme, na wakianza na uru wamekula mapigo mawili kabla hatujagusa karata. Anayekimbilia 4 bila turufu, mnada wa kumuuliza mwenzi ana ree ngapi, anajibiwa, anaona imekosekana moja tu, anaruka sita, anaanguka. Jibu lilikuwa sahihi, ila swali halikuufaa mkono huu. Easley Blackwood wa Marekani alibuni swali hilo mwaka 1933 ili kuepuka slamu inayokosa ree mbili; halikuambii kama kuna aina ambayo nyote wawili mko wazi.

Kwa hiyo, tukishakubaliana turufu, sasa natangaza kinga kwanza. Kinga ni ree, mfalme, karata moja tu, au kutokuwa na karata kabisa kwenye aina hiyo. Tunapanda kwa mpangilio, kinga ya chini hutajwa kwanza, na ukiruka aina maana yake huna kinga yake. Mnada unakuwa hivi: mimi 1 shupaza, yeye 3 shupaza (alama 10 hadi 12, shupaza nne), mimi 4 pau (kinga ya pau), yeye 4 kopa (kinga ya kopa). Ameruka uru. Mimi nina 8-3, basi nasema 4 shupaza na mnada unaishia hapo. Mapigo 11, alama zinaingia.

Sasa mkono wa pili, alama 27 tu. Mimi: shupaza A-K-J-9-5-2, kopa A-Q, uru 6-4-3, pau A-8. Mwenzangu: shupaza Q-10-8-3, kopa 6-4-2, uru A-K-8-5-2, pau 7. Nafungua 1 shupaza, naye anaruka hadi 4 pau. Ruko hilo tunaliita splinta: nina shupaza nne, nguvu ya kufika gemu (mkataba wenye bonasi, kama 4 shupaza), na pau moja au sifuri. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Kama pau zangu zingekuwa K-Q-8, alama 5 zingekuwa zimepotea bure mbele ya karata yake moja. Lakini nina A-8: ree inakula, 8 inakatwa kwa turufu mezani, yaani kwenye karata za mwenzangu zinazowekwa wazi. Kila alama yangu inafanya kazi.

Sasa 4 bila turufu ina maana. Tunahesabu funguo tano, yaani ree nne na mfalme wa turufu. Kwetu 5 pau ni funguo 1 au 4, 5 uru ni 0 au 3, 5 kopa ni 2 bila malkia wa turufu, 5 shupaza ni 2 pamoja naye. Mwenzangu anajibu 5 pau, moja. Nne ninazo mimi. Nauliza malkia kwa 5 uru, anasema 6 uru: malkia ninaye, na mfalme wa uru pia. Kishawishi cha saba ni kikubwa, kwa hiyo nahesabu: shupaza 6, ree ya pau, pau moja ya kukatwa, ree ya kopa, uru mbili. Kumi na moja za uhakika. La 12 lina njia mbili. La 13 halina njia ya kutegemewa. 6 shupaza.

Hesabu ya faida iko wazi. Tusipokuwa hatarini (hali inayoongeza bonasi na adhabu), 6 shupaza ni 980 badala ya 480 za 4 shupaza. Ikianguka kwa moja natoa 50 badala ya kupata 450. Faida 500, hasara 500, basi slamu ndogo inatosha ikiwa nusu kwa nusu. Slamu kubwa inaongeza 500 tu na kuhatarisha 1030, kwa hiyo naitaka angalau mara mbili kati ya tatu.

Kwenye kucheza ndiko wengi klabuni wanakotupa mkono huu. Mpinzani anatoa mfalme wa pau, wanakula kwa ree, wanavuta turufu, wanaingia mezani na kujaribu malkia wa kopa papo hapo, yaani kucheza kopa kuelekea malkia wakitumaini mfalme yuko kwa mpinzani anayecheza kabla yao. Hiyo ni asilimia 50. Mimi navuta turufu, kisha nacheza ree na mfalme wa uru nikiangalia. Wote wakifuata mara zote mbili, uru zimegawanyika 3-2, jambo linalotokea karibu asilimia 68. Nawapa uru ya tatu. Wakirudisha kopa nakula kwa ree, sijaribu chochote. Nakata pau ya 8 mezani, nacheza uru iliyobaki, namtupa malkia wa kopa. Mmoja asipofuata kwenye uru, niko mezani tayari, hapo ndipo nacheza kopa kuelekea malkia. Njia zote mbili pamoja ni karibu asilimia 84. Mpangilio ndio wenye thamani: jaribio ambalo likishindwa bado unaishi litangulie.

Mambo mawili ya mezani. Turufu ikiwa pau, sikurupuki kuuliza funguo: jibu la 5 uru limeshavuka 5 pau, na kama mnakosa funguo mbili hamna pa kurudi. La pili ni kusita. Mwenzi akifikiri muda mrefu kisha akasimama kwenye 5 shupaza, kule kufikiri kwake hakuniruhusu kupanda sita. Sheria ya 16 ya briji inakataza kutumia habari iliyotoka nje ya mnada, na msimamizi ataitwa. Ndiyo maana fikra zote ndefu nazimaliza kabla ya kutamka 4 bila turufu, nikiwa tayari najua nitafanya nini kwa kila jibu.