Maji ya mwarobaini

Doto ana tetekuwanga, Kulwa anasubiri zamu yake, na bibi yao amejaza nyumba harufu ya mwarobaini. Nilipofungua mlango nikajikuta nakuna viganja.

Ilikuwa wiki ya 33 ya mimba yao. Ngozi safi, hakuna kipele hata kimoja, lakini viganja na nyayo vilikuwa vinawaka, hasa usiku. Mama mkwe akawa ananikogesha maji ya majani asubuhi na jioni. Kliniki niliyokuwa nahudhuria walinitazama mikono, wakanipa dawa ya mzio, wakasema ngozi inavutika kwa sababu ya pacha. Nikawaamini. Kwa tumbo lile, nani asingeamini?

Usiku mmoja, saa nane, nimekaa kwenye sakafu ya bafu, miguu ndani ya beseni la maji baridi, gunzi mkononi. Nakuna unyayo wa kushoto, nahamia wa kulia, narudi wa kushoto kabla wa kulia haujaridhika. Maji yakaanza kuingia wekundu. Baba Kulwa kasimama mlangoni na taulo, hajui anipe taulo au aninyang'anye gunzi. "Wanacheza?" akauliza. Nikaacha kukuna. Upande wa kulia, teke. Kushoto kimya. Tukasubiri, bomba likidondosha tone moja moja. Kisha likaja, teke dogo la dharau, na mwanamume akajikalia chini palepale kwenye maji.

Kulipokucha tukaenda kwingine. Daktari hakujisumbua na ngozi. Aliuliza mkojo una rangi gani. Kama chai ya rangi, nikasema. Majibu ya damu: asidi za nyongo 64, wakati kawaida haifiki hata 20. Nyongo haikuwa inatoka vizuri kwenye ini, ikawa inarudi kwenye damu, na wenye mimba ya pacha hupatwa zaidi. Akaniandikia vidonge vya asidi ya ursodeoksikoli. Vinaweza kupunguza muwasho, akasema, ila kwamba vitawalinda watoto hawezi kuniahidi. Siku ile nilimchukia kwa ukweli wake.

Wakatolewa wiki ya 36. Siku ya tatu muwasho ukaisha, na siku zote hizo tatu mama mkwe alikuwa ananikogesha.

"Unaona?" ananiambia leo, anakoroga sufuria. "Hata wewe yalikuponya."

Beseni ni lile lile.

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikaenda kumkata Doto kucha.