High Down, kilima zilikonguruma injini za roketi

Kutoka London nilipanda treni hadi Brockenhurst, nikabadilisha ya kwenda Lymington, kisha nikavuka kwa kivuko hadi Yarmouth, katika kisiwa cha Wight. Basi likanishusha Alum Bay, penye maduka na kelele za watoto. Watalii wengi huja kuyapiga picha majabali meupe ya Needles, wakageuza. Mimi nilifuata roketi.

Njia inapanda kilima cha chaki, bahari ikiwa kulia, upepo wa magharibi usoni. Huko juu kuna ngome za mizinga za zamani, na upande wa kusini ardhi imebonyea kama bakuli lililoinamia baharini. Humo ndimo ilimobaki zege: sakafu pana, kuta nene, na misingi ya minara miwili ya majaribio. Chini yake ni genge tupu, kisha maji.

Katikati ya miaka ya 1950, kampuni ya ndege ya Saunders-Roe, yenye kiwanda chake East Cowes, upande wa pili wa kisiwa, ilipachagua mahali hapa pa kujaribia roketi, na ukisimama pale huhitaji kuuliza sababu. Eneo lilikuwa tayari la jeshi, nyumba ziko mbali, na mngurumo wote ulielekezwa baharini.

Roketi haikuruka kutoka hapa. Ilifungwa barabara mnarani, injini ikawashwa, nguvu yake ikapimwa, ikazimwa. Ikifaulu, ilipakiwa melini kwenda Woomera, jangwani Australia, na huko ndiko ilikorushwa. Nilikaa sana juu ya ukuta mmoja nikijaribu kuiona kazi ile. Injini za Gamma zilichoma mafuta ya taa, yaleyale tunayoyajua kwenye kandili, lakini badala ya hewa zilitumia haidrojeni peroksaidi kali mno. Kimiminika hicho kilisukumwa kupita kwenye nyavu za chuma zilizopakwa fedha. Papo hapo kikavunjika kuwa mvuke na oksijeni vyenye joto la mamia ya nyuzi, na mafuta ya taa yakigusana navyo yanawaka yenyewe bila cheche. Moto wake ulikuwa mweupe, karibu hauonekani. Lakini peroksaidi ikidondokea nguo au uchafu inaweza kuwasha moto, ndiyo maana mafundi walivaa mavazi maalumu na maji yalikuwa karibu wakati wote. Nawastahi sana watu wale.

Vyumba vya chini ya ardhi sasa vina maonyesho madogo, chini ya uangalizi wa National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi maeneo ya kihistoria. Yanasimulia roketi mbili zilizojaribiwa hapa: Black Knight, iliyorushwa mara 22 kuanzia 1958, kisha Black Arrow, yenye urefu wa mita 13 na vyumba vinane vya kuchomea mafuta katika hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo. Julai 1971 serikali ilitangaza kuufuta mradi wa Black Arrow, kwa hoja kwamba roketi za Scout za Marekani zingekuwa nafuu. Roketi iliyokwisha kuundwa iliruhusiwa kwenda, na tarehe 28 Oktoba 1971 ikaiweka setilaiti ya Prospero, ya kilo 66, kwenye mzingo. Ingali inaizunguka dunia. Uingereza ikawa nchi iliyojifunza kurusha setilaiti yake kwa roketi yake, halafu ikaacha. Kwangu ule ulikuwa uamuzi mbaya: mradi ulikuwa mdogo, wa gharama ndogo, na mafundi walikuwa wamekwisha kuiva.

Na hapa ndipo habari inapofika kwetu. Scout hizo hazikurushwa Marekani pekee. Tarehe 15 Oktoba 1974, Ariel 5, setilaiti ya Uingereza ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, iliondoka na Scout kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Wavuvi wa Ngomeni wanalijua jukwaa hilo tangu miaka ya 1960. High Down ina njia ya miguu, vibao vya maelezo na wageni kila kiangazi. Ningependa mtoto wa Ngomeni naye apate kibao cha kusoma, kwa Kiswahili, kinachomweleza kilichoruka mbele ya kijiji chake na kwa nini kilifika pale.